Gari la Mahari

Magari yalikuwa mawili, na Asya alikuwa keshayaendesha yote kabla ya saa nne asubuhi. Kilichobaki ni kusema lipi analitaka, na hapo ndipo ulimi ulipomwia mzito.

La kwanza lilikuwa jeupe, la milango mitano, lililotoka mikononi mwa muuguzi mmoja wa Wete ambaye, kwa walivyosema watu, alilitunza kuliko alivyomtunza mumewe. Gia zake hujipanga zenyewe. Ukikanyaga mafuta linakwenda, ukikanyaga breki linasimama, na halina ugomvi na mtu. Nyuma mna nafasi ya kulaza magauni sita ya bibi harusi bila hata moja kupata kunyanzi, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke ambaye kazi yake ni kushona nguo za harusi na kuzifikisha kwa wenyewe, leo Konde, kesho Mkoani.

La pili lilikuwa la kijani. Dogo, milango miwili, paa la turubai la kukunja, gia za mkono, na kiti cha nyuma ambacho aliyekitengeneza nadhani hakuwahi kumwona mtu mzima akikaa. Lilikuwa limekufa miaka minne nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wakitagia ndani, mpaka Haroub alipolivuta hadi gerejini kwake Tibirinzi na kulifufua. Kwa mizigo halifai. Kwa mvua za masika ndiyo kabisa. Lakini Asya alipolipandisha kilimani, akaingiza gia ya pili kwenye kona na gari likamwitika pale pale, alijikuta anacheka kwa sauti, yeye ambaye majirani walishazoea kumsikia cherehani tu.

Shangazi yake, Bi Mwanapili, alikuwa nyuma, magoti yamemfika kidevuni, mkono mmoja umeshika buibui lisipeperuke na mwingine umeshika chuma cha paa. Ndivyo ilivyo. Mwanamke aliyeposwa hapandi gari na mposaji wake wawili watupu, hata kama ana miaka thelathini na mbili na keshaolewa akaachwa. Haroub alikaa mbele, mikono juu ya mapaja, akisema maneno ya kifundi tu: punguza, ongeza, klachi taratibu. Asya alipocheka, aligeuka. Alimtazama mara moja, kitambo kifupi, kisha akarudisha macho barabarani na masikio yakamwiva. Asya aliyaona masikio hayo, na kona iliyofuata aliikata vibaya.

Sasa walikuwa wamesimama chini ya bati la gereji. Bi Mwanapili alikuwa amepewa kiti na maji baridi, na alikuwa akijinyoosha kiuno huku akihesabu mifupa yake kama yote imerudi.

"Haya, Asya," Haroub alisema. "Nyeupe au ya kijani?"

Asya alitazama chini.

"Lolote utakalo," Haroub akaongeza kwa upole. "Mie radhi."

Hakujua kwamba hilo ndilo neno baya kuliko yote ambayo angeweza kuyachagua. Rajab, mume wa kwanza wa Asya, naye alikuwa bingwa wa lolote utakalo. Lolote utakalo, Asya, halafu wakahamia Unguja kwa kuwa yeye anapataka. Lolote utakalo, halafu cherehani ikauzwa. Alikuwa na gari zuri, na kwa miaka saba Asya alilikalia upande wa abiria bila kugusa hata kitasa cha dirisha. Kuendesha alijifunza baadaye, aliporudi kwa baba yake Tumbe na talaka yake mkobani, kwenye pikapu kuukuu ya mzee inayonuka samaki. Kwa hiyo moyo wake ulipolisikia neno lile kinywani mwa Haroub, ulijikunyata. Akawaza, na huyu ndiye yule yule, sura tu imebadilika.

Lakini hakuwa yule yule, na Asya kwa upande mwingine alilijua hilo. Haroub bin Nasor alikuwa mtu wa miaka thelathini na tisa, aliyefiwa na mkewe, mtoto wa familia ya mashamba ya zamani ya Madungu aliyeacha karafuu kwa ndugu zake akajichafua na grisi. Alipoleta posa mwezi uliopita hakuuliza wazazi wanataka mahari gani. Alisema mahari itakuwa gari, kwa kuwa amemwona Asya akihangaika na magauni yake juu ya pikapu, na gari lenyewe achague mwenyewe bibi harusi. Chake Chake nzima ililizungumza hilo wiki mbili.

Mama yake Haroub, Bi Umkulthum, alilizungumza pia. Alituma salamu kwa Bi Mwanapili kwamba yeye hana la kusema, anaona tu kwamba mwanamke wa heshima hupanda gari lenye paa. Salamu zilifika bila kupungua hata neno. Toka siku hiyo Asya kila akilifikiria gari la kijani aliona haya, kama mtu aliyefumaniwa.

Ndipo pikapu ya Mzee Khatib, baba yake Asya, ilipoingia gerejini, ikatoa moshi, ikazima.

Mzee Khatib alikuwa amesafirisha samaki wa Tumbe kwa miaka thelathini. Alishawahi kuzimikiwa na gari njiani saa saba ya mchana akiwa na matenga ishirini ya dagaa wabichi, na toka hapo aliyagawa magari ya ulimwengu mafungu mawili, yanayofika na yasiyofika. Alishuka, akamsalimia Haroub, akamuuliza dada yake, Bi Mwanapili, ana nini mbona kapinda vile, kisha akaliendea gari jeupe moja kwa moja, akalipiga kofi la mapenzi ubavuni.

"Funguo ziko wapi?" aliuliza. "Twende nayo nyumbani, watu waione kabla ya Ijumaa."

Ijumaa ndiyo siku ya ndoa. Zilibaki siku sita.

"Bado hajachagua, Mzee," Haroub alisema.

"Keshachagua. Nlimuuliza mie mwenyewe juzi, mbele ya shangazi yake. Nkamwambia, mwanangu, huyu bwana kaleta posa, na kuna gari mbili, na mie naona hiyo nyeupe. Akanyamaza." Mzee Khatib alitabasamu, mtu aliyemaliza kazi yake. "Nyumbani kwangu mtoto wa kike akinyamaza keshasema."

Bi Mwanapili alithibitisha kwamba ndivyo, alinyamaza, hata kikombe cha chai alikishika vivyo hivyo mpaka kikapoa. Asya alikuwa akiutazama msumari ulioanguka sakafuni, na alijua kwamba hivi ndivyo mambo yanavyopita, kimya kimya, mpaka mtu anajikuta yuko Unguja upande wa abiria.

Haroub alichukua kitambaa, akafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Alifuta kidole kimoja kimoja.

"Mzee, nisije nkaonekana sina adabu," alisema. "Mwanamwali ndiye huulizwa akanyamaza, ikawa karidhia. Asya keshaolewa. Yeye hukumu yake ni kutamka. Shehe akiuliza Ijumaa, mutamwambia nini?"

Hakuna asilolijua Mzee Khatib katika hayo. Alishakaa kwenye ndoa zisizo na idadi, alishakuwa shahidi, alishasimama walii wa mabinti wa ndugu zake, na mara mbili alishawakatalia wazee wenziwe waliotaka kumwoza mjane kwa kichwa alichokiinamisha. Lakini mtoto wa mtu kwa baba yake huwa hazeeki. Alimuuliza Asya kwa namna ile ile aliyomuuliza akiwa na miaka kumi na tisa, akaridhika kwa namna ile ile.

"Subhanallah," alisema polepole.

"Na kama gari hakuisema," Haroub aliendelea, na sasa sauti ilimpungua, "basi na mie hakunisema."

Bi Mwanapili aliweka bilauri chini. Kadi zilishagawiwa. Mpishi wa biriani alishakubaliwa, na Bi Umkulthum alishawaalika watu wa Wete na wa Mtambwe. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na faida ya kuliacha jambo lipite kimya, naye ndiye aliyelisimamisha. Asya aliinua macho, akamtazama Haroub kwa mara ya kwanza asubuhi ile bila kuibia. Aliona shavu lake lina doa la grisi. Aliona vilevile kwamba mtu yule alikuwa akiogopa.

"Haroub," alisema. "Weye ungechukua ipi?"

"Mie? Lolote ..."

"Usinambie lolote. Nimekuuliza weye."

Haroub alikunja kitambaa mara mbili.

"Nyeupe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ya kijani naijua. Nimeifungua nati kwa nati. Itakuwacha njiani, na si mara moja. Na mie kila ukichelewa ntakuwa hapa, mkono kwenye simu, roho juu." Akaligeukia gari la kijani. "Lakini vile nlivyokuona leo ukiiendesha, sijapata kukuona."

"Basi mbona hukusema toka asubuhi?"

"Nlichelea ukishajua nnalolitaka mie, utachagua hilo."

Asya hakujua kwamba kuna mwanamume anayeweza kufikiri hivyo. Macho yalimwasha. Haroub alikuwa amesema lake, limepingana na lililokuwa moyoni mwa Asya, na hakuna kilichoanguka. Hakununa, hakuondoka, hakumgeuzia kisogo. Alikuwa amesimama pale pale akisubiri, na kitambaa chake.

"Mie nataka ya kijani," Asya alisema.

Sauti ilimtoka ndogo, akairudia ikawa kubwa zaidi. Mzee Khatib alishika kiuno. Alimuuliza kama amefikiri, gari ile ni ya mchezo, magauni atayaweka wapi, kichwani? Asya alijibu kwamba magauni yataendelea kupanda pikapu kama siku zote, kazi ataitafutia usafiri wake, lakini mahari ni haki yake mwenyewe na si ya magauni. Mzee akauliza, na Bi Umkulthum je? Haroub akasema yeye mwenyewe ndiye atakayezungumza na mama yake, na alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyekwishaanza mazungumzo hayo zamani.

"Haya, ya gari umeyasema," Mzee Khatib alimwambia bintiye. "Bado ya mume."

Asya alimtazama Haroub, akamtazama baba yake. Neno alikuwa nalo. Lakini hapakuwa mahali pake pale, mbele ya shangazi na mafundi wawili waliojifanya wanatafuta spana.

"Baba," alisema, "panda garini."

Mzee Khatib alipanda kwa shida, kofia ameishika. Asya alikunja turubai, akatoka gerejini polepole kwa heshima ya mzee, wakapita sokoni, wakashika barabara ya kale ya Wete, ile yenye kona nyingi. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalitandazwa pembezoni mwa lami, na harufu iliingia garini kutoka pande zote. Penye majamvi alipunguza, penye nafasi aliliachia. Alibadilisha gia kwa mkono mwepesi, alizikata kona bila kuyumba, na baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha, alimtazama kwa pembe ya jicho muda mrefu.

"Yenda," alikiri mwishowe.

"Yenda, Baba."

Walishuka bonde, wakapanda tena. Mzee Khatib aliivua kofia kabisa, akaiweka magotini.

"Asya."

"Labeka, Baba."

"Ile siku ya Rajab. Nlikuja mlangoni kwa chumba nkakuuliza, ukainamisha kichwa. Nkarudi barazani nkamwambia shehe, karidhia."

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa umeridhia?"

Asya alirudisha gia, gari likapunguza. Angeweza kusema ndiyo. Mzee alikuwa na miaka sitini na saba, na ndiyo ingemletea usingizi. Lakini leo alishasema kweli mara moja na haikumuua.

"Hapana, Baba. Nlikuwa naogopa."

"Wamwogopa nani?"

"Nakuogopa weye."

Mzee Khatib alitazama mbele. Walipita jamvi la karafuu, wakapita jingine, mwanamke aliyekuwa akizigeuza akawapungia mkono na hakuna aliyemjibu.

"Miaka saba," mzee alisema.

"Miaka saba, Baba."

"Simamisha gari."

Asya alisimamisha kando, juu ya mteremko mdogo, akazima injini. Alidhani mzee anataka kushuka. Mzee hakushuka. Alijigeuza kitini, magoti yakigonga dashibodi, akaivaa kofia yake vizuri kama mtu anayeingia msikitini, akamkabili.

"Asya binti Khatib," alisema. "Haroub bin Nasor kaleta posa. Mahari yake ni gari hii tuliyomo, kwa mashaka yake yote. Wamtaka, au humtaki? Na ukisema humtaki, mie mwenyewe ndiye ntakayekwenda Madungu kusema, na ntasimama mbele ya kila aliyepewa kadi. Hapana mtu atakayekuuliza neno. Basi nijibu, mwanangu. Leo sikisii."

Asya alikuwa amekwishaambiwa na Bi Mwanapili namna ya kujibu. Unasema nimeridhia, kwa sauti ya chini, macho chini. Ni neno zuri. Lakini aliona halitoshi kumbeba yule mtu aliyesimama gerejini na kitambaa chake, akihatarisha ndoa yake ili asikie jibu. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama baba yake usoni.

"Namtaka, Baba," alisema. "Namtaka sana."

"Astaghfirullah," Mzee Khatib alisema, akiyafuta macho kwa kiganja. "Ya sana sikukuuliza."

Wakacheka wote wawili, baba na bintiye, na mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema haya, turudi, mtoto wa watu tumemwacha juu ya makaa. Asya akazungusha ufunguo.

Gari halikuwaka. Alizungusha tena, likakohoa, likanyamaza. Mara ya tatu halikukohoa hata hiyo. Asya alihisi uso unampanda moto, akasubiri aambiwe alichostahili kuambiwa. Mzee Khatib alifungua mlango, akashuka taratibu, akavua viatu akavitia garini, akakunja mikono ya shati, akaenda nyuma.

"Baba, acha, nimpigie Haroub aje."

"Kaa kwenye usukani," mzee alisema. "Tia gia ya pili. Klachi usiachie mpaka nikwambie."

Asya akatia gia ya pili, akashika usukani kwa mikono miwili. Kwenye kioo alimwona baba yake akilisemea Bismillahi, akaliwekea gari bega, akaanza kulisukuma.